Familia Nzima Ndani ya Meli: Safari Yetu ya Kashozi Hadi Mwanza



Wengi wenu mmezaliwa mkiiona bahari. Kwenu meli ni kama daladala tu: leo Unguja, kesho Dar, sikukuu Pemba. Sisi ni watu wa bara, tena bara ya mbali, Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba. Lakini msituonee huruma. Nasi tuna maji yetu, Ziwa Victoria, ambalo ukisimama ufukweni ng'ambo huioni. Na meli tunayo.

Juzi mteja wetu mmoja anayeishi Marekani alitutumia vipimo vya gauni la nikaha la binti yake. Pamoja na vipimo akatuma picha za likizo waliyokwenda familia nzima, meli ya kuzunguka visiwa vya Karibiani. Mashallah, meli kama mtaa! Mabwawa ya kuogelea juu, maduka ndani, watoto wanateleza kwenye maji huku meli inakwenda. Wasichana tunaoshona nao waliacha cherehani wakaja kuchungulia simu. Mmoja akauliza, "Hivi sisi likizo ya meli tutaipata wapi?" Tukamjibu, "Shuka Bukoba mjini, nenda bandarini, kata tiketi." Wote wakacheka, lakini sisi hatukuwa tunatania.

Ndipo tukakumbuka kuwa hatujawahi kuwasimulia safari yetu ya Desemba 2023: sisi, baba watoto, watoto watatu na mama yetu mzazi. Leo tunasimulia, kwa ajili ya wenye familia na kwa mabibi harusi wanaopanga fungate la majini. Tutaongea mavazi, chakula, swala na watoto. Na kuna jambo moja zito kidogo, hilo tunaomba mtuvumilie, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Miaka 27 bila kugusa maji

Mama yetu hakupanda chombo chochote cha majini tangu Mei 1996. Wakubwa mnajua kwa nini. Wadogo mmesikia tu. Usiku wa tarehe 20 Mei mwaka ule MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua watu na mizigo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Meli ilitengenezwa kubeba watu 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Idadi kamili haijulikani mpaka leo, kwa sababu abiria wengi, hasa wa daraja la tatu, hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Mdogo wake mama alikuwa mmoja wao. Mama mdogo wetu alikuwa mchumba wa mtu, mahari imeshapokelewa. Alikuwa anakwenda Mwanza kununua vitu vya harusi yake: kitambaa, viatu, vyombo. Sisi watoto tulimsindikiza hadi barabarani akiwa na kikapu cha ndizi za kuwapelekea ndugu. Alituahidi pipi. Mwili wake haukupatikana.

Watu hutuuliza kwa nini tulipomaliza kidato cha nne tulikimbilia kozi ya ushonaji, na kwa nini mpaka leo duka letu linashona nguo za maharusi zaidi ya kitu kingine. Huwa tunajibu kuwa ni riziki. Ni kweli ni riziki. Lakini katika nyumba yetu kulikuwa na harusi moja ambayo haikupata nguo.

Kwa hiyo mwaka 2023, kaka yetu wa Mwanza alipopata mtoto na kututaka wote kwenye akika, tulijua mama atasema ataomba dua akiwa nyumbani. Hata basi lilikuwa na mtihani wake. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa, limefunguliwa Juni 2025, na wakati ule basi lilivuka pale kwa kivuko. Tukaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza. Kabla hatujayapata, mama akatuita jikoni akasema, "Mwanangu, kama ni lazima nivuke maji, basi nipite palepale alipopita mdogo wangu. Nimezeeka. Nataka nikamsomee dua kule." Hatukuongeza neno. Baba watoto alikwenda kukata tiketi.

Meli yenyewe

Tulisafiri na MV Victoria. Ni bibi kizee mwenye afya. Ilijengwa Scotland, vipande vikaletwa na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2014 ilisimama, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Inabeba abiria 1,200. Kuna vyumba vya kulala na kuna viti, mfuko wako ndio unaoamua. Inaondoka Bukoba usiku, inapita Kemondo, unaamka asubuhi uko Mwanza. Kwa watu wenye watoto hiyo ni rehema, maana sehemu kubwa ya safari wamelala.

Ushauri wetu wa kwanza ni tiketi. Desemba watu wa Kagera wanakwenda na kurudi makwao, meli inajaa. Kata mapema, na ukate mwenyewe ofisini. Usikubali mtu akuambie "njoo tu, tutakupenyeza". Beba vitambulisho. Hakikisha jina la kila mtu limeandikwa, hata la mtoto wa mgongoni. Mama alisimama pale dirishani akahesabu kwa vidole: sita. Akamwomba kijana amsomee majina yote sita. Nyuma yetu foleni inanung'unika. Zamani tungeona aibu. Siku ile tulimwacha asomewe mpaka akaridhika.

Mavazi, hapa ni kazini kwetu

Dada, abaya ya kwenye picha na abaya ya kwenye meli ni vitu viwili.

Pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, lisiburute. Ngazi za meli ni za chuma, zimesimama wima, na wakati mwingine zina maji. Abaya ya mkia iache kwenye begi, utaivaa ukifika. Upepo wa ziwani usiku ni mkali na hauna adabu. Kitambaa chepesi kitakupepea mpaka ushindwe kushika mtoto. Sisi tunakunja pindo mara mbili, upana wa vidole vitatu, ili lipate uzito likae chini. Ndani vaa suruali pana. Hapo utapanda ngazi kwa raha na stara yako haitikisiki.

Mtandio uwe wa pamba au wa jezi. Satini inateleza, na pini nyingi ni hatari kwa mwenye mtoto mikononi. Beba sweta au koti, kwa kuwa wengi hudhani ziwani ni joto, halafu saa 7 usiku wanatetemeka.

Shona mfuko wa ndani wenye zipu upande wa kushoto wa abaya. Humo weka vitambulisho, tiketi na pesa. Pochi ya begani ni ya harusini.

Watoto wavishe rangi zinazopiga kelele: njano, chungwa, nyekundu. Mtoto wa nguo ya bluu au kijivu anapotea machoni haraka, iwe ndani ya umati au majini. Ndani ya kola tuliwashonea jina na namba ya simu ya baba yao. Binti yetu mkubwa alilalamika kuwa amekuwa kama gunia la kahawa. Alivaa hivyohivyo.

Chakula na tumbo

Tulifunga ndizi za kuchoma, chapati, kuku wa kukaanga, viazi vya kuchemsha, na chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Na kwa kuwa ilikuwa msimu, tulibeba senene waliokaushwa vizuri. Dada zetu wa visiwani msishtuke! Ninyi mna pweza, sisi tuna senene, kila mtu na neema ya kwao. Chakula cha kuuza kipo melini, lakini kama huna uhakika na nyama imechinjwa na nani, cha kwako kinakupa amani.

Kwa wanaochafukwa tumbo: kaeni katikati ya meli na sehemu za chini, kule kunayumba kidogo kuliko mbele, nyuma au juu. Kuleni kidogo kabla ya kupanda, si tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Mkianza kuhisi kizunguzungu wekeni simu pembeni, tokeni kwenye hewa, tazameni mbali mahali ambapo hapachezi. Tangawizi inasaidia. Mtoto wetu wa kati alitapika mara moja tu, baada ya kumaliza senene wa kaka yake.

Swala juu ya maji

Hili tunaulizwa sana. Maghrib tuliswali bandarini. Ishaa tuliichelewesha mpaka meli ilipouacha mji, tukaiswali rakaa mbili kwa ruhusa ya msafiri. Mwanza kutoka Bukoba kwa njia ya ziwani ni zaidi ya kilomita 150, inatosha kupunguza kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu tunayafuata. Alfajiri tuliswali meli ikiwa inakaribia kufika. Aliye na shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, asisubiri kubishana kwenye sitaha.

Kibla kinachanganya watu kwa sababu meli inageuka. Kwetu Kagera, kama kwenu Zanzibar, Makka iko kaskazini. Kwenu ni kaskazini karibu iliyonyooka, kwetu inaelemea kidogo mashariki. Meli inapotoka Bukoba kwenda Mwanza inaelekea kusini mashariki, kwa hiyo kibla kinakuwa mkono wako wa kushoto, ukirudi kidogo nyuma. Ikipinda nawe unapinda. Swali umesimama kama unaweza, na kama unaogopa kuanguka basi kaa. Beba mkeka mwepesi na chupa ya maji ya udhu, kwani foleni ya bomba la meli itakupitisha wakati.

Dua ya kupanda chombo tuliisoma na watoto kwa sauti kabla ya kukanyaga ngazi. Mama aliisoma taratibu, neno kwa neno, ameushika mkono wa binti yetu mkubwa kwa nguvu mpaka vidole vya mtoto vikawa vyeupe. Mtoto hakuutoa mkono.

Zoezi letu dogo

Yule mteja wa Marekani alitulalamikia kuwa kwenye meli yao ya Karibiani, kabla ya raha yoyote, waliambiwa kwanza wajifunze zoezi la dharura: king'ora kikilia mnakwenda wapi, mnavaa nini. Hamu ya chakula yote ilikuwa juu, wao wanaoneshwa jaketi okozi. Lakini kuna sababu. Januari 2012 meli kubwa ya anasa, Costa Concordia, iligonga mwamba pwani ya Italia, na abiria waliokuwa wamepanda jioni ileile walikuwa hawajafanya zoezi hilo. Watu 32 walikufa. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ikabadilishwa, zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Meli yenye mabwawa na maduka, na bado wanaanza na jaketi.

Sisi tulijifanyia la kwetu. Tulipofika tu kwenye nafasi zetu, baba watoto akawazungusha watoto: jaketi okozi ziko hapa, mlango wa kutokea huu, ngazi ile. Kila mtoto akajifunga na kujifungua jaketi. Kisha tukagawana watu. Baba na kitinda mimba, sisi na wa kati, binti mkubwa na bibi. Anayepotea asitafute, aende chini ya ngazi ile asubiri. Ilichukua dakika kumi. Watoto waliona ni mchezo. Mama alikaa anatazama, halafu akasema polepole, "Mdogo wangu hakuna aliyemwonesha mlango."

Kemondo meli ilisimama muda mrefu, mikungu ya ndizi inapakiwa. Mama hakulala. Alikaa na tasbihi yake upande wa dirisha mpaka taa za Kemondo zikapotea. Karibu na alfajiri alitugusa bega akatuonesha maji meusi nje. Hakusema kitu, nasi hatukuuliza. Kulipopambazuka yakatokea mawe ya Mwanza, yale makubwa yaliyobebana, na watoto wakaanza kupiga kelele. Mama akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe panapendeza."

Siku ya boti

Akika ilipita vizuri. Tulinunua vitambaa, tuliwapeleka watoto Saanane, kale kahifadhi ka taifa kalikoko kisiwani karibu na mji, wakaona wanyama wakafurahi. Siku ya tatu tukaenda ufukwe mmoja kupumzika. Hapo palikuwa na boti ya kutembeza watu, na watoto wakalia wanataka tena maji.

Mwenye boti alisema inabeba watu 12. Baba watoto akalipa 30,000 yetu sote, tukapanda, tukakaa. Tulihesabu jaketi okozi: zilikuwa saba, mbili zimekatika kamba. Halafu watu wakaendelea kupanda. Vijana wanne. Mama na watoto wake. Wapenzi wawili. Boti ikashuka mpaka maji yakawa shubiri moja kutoka ukingoni. Tulikuwa watu 19.

Sasa tuseme ukweli wetu, dada zetu. Sisi tuliona. Tulihesabu mara mbili. Na tukanyamaza. Tuliona haya kumwaibisha baba watoto mbele za watu, ameshalipa, amefurahi, anawapiga watoto picha. Tukajiambia ni dakika ishirini tu. Tukajiambia tawakal. Yaani msiba wa nyumbani kwetu tunaujua, jioni ya juzi tumewafundisha watoto kufunga jaketi, na bado haya ikatuziba mdomo.

Mama ndiye aliyesimama. Nanyi mnajua mambo ya ukwe. Mama yetu na mkwewe wanaheshimiana kiasi cha kutotazamana usoni, na katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kumpinga hadharani. Akasimama kwenye ile boti, kitenge amekishika kwa mkono mmoja, akasema, "Mkwe wangu, nisamehe sana. Wajukuu zangu washuke."

Watu wakanyamaza. Kijana mmoja akacheka, "Bibi anaogopa maji." Mwenye boti akasema pesa hairudi. Baba watoto alimtazama mama, akatazama maji, akahesabu watu, tulimwona midomo inavyohesabu. Akambeba kitinda mimba akaingia majini na viatu vyake. Tukamfuata wote. Pesa ilipotea kweli.

Boti ikaondoka. Na tunawaambia bila kuficha: ilikwenda, ikazunguka, ikarudi salama. Watu wakashuka wanacheka, yule kijana akatupungia mkono. Binti yetu mkubwa alikuwa analia kwa hasira. Akamwambia bibi yake, "Si umeona wamerudi?"

Mama hakumkaripia. Alimkalisha kwenye mchanga akamwambia, "Mjukuu wangu, MV Bukoba nayo ilikuwa ikienda na kurudi. Ilikwenda na kurudi miaka mingi, imejaa vilevile, na waliokuwa wakiogopa walichekwa. Kurudi salama jana hakumaanishi kitu kwa maji."

Usiku ule baba watoto alituuliza, "Wewe ulikuwa umeona?" Tukakiri kuwa tuliona. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nilikuwa naangalia simu, sikuhesabu. Siku nyingine usininyamazie. Aibu inaisha." Tumeshonea watu nguo nyingi za ndoa, lakini neno la ndoa lililotufaa zaidi ni hilo.

Igoma

Kabla ya kurudi tulimpeleka mama Igoma, pembezoni mwa jiji, kwenye makaburi ya pamoja ya waliokufa na MV Bukoba. Kuna mnara wa kumbukumbu. Hatujui kama mama mdogo yuko pale au alibaki ziwani, na mama alisema Mwenyezi Mungu anajua alipo, inatosha. Akasimama, akanyanyua mikono, akamwombea yeye na wote waliolala pale, Waislamu wake na majirani wa watu wengine akiwatakia heri familia zao. Masheikh walimwambia zamani kuwa muumini anayekufa maji anapewa daraja la shahidi. Miaka 27 amelishikilia neno hilo.

Alipomaliza alitoa kwenye mkoba wake kipande cha kitambaa cheupe, kimekunjwa kidogo sana. Tulidhani atakiacha pale. Akatukabidhi sisi. Kilikuwa kipande cha kitambaa ambacho mama mdogo alikichagua kama mfano, aende nacho Mwanza kutafuta kinachofanana. Alikata vipande viwili, kimoja akaondoka nacho. Mama akasema, "Wewe ndiye fundi." Tumekihifadhi kwenye sanduku la nyuzi, dukani.

Kwa mabibi harusi

Tangu hapo tumesafiri na meli mara tatu, na mama mara mbili kati ya hizo. Siku hizi daraja lipo, basi linakwenda moja kwa moja, lakini mama anasema basi linamuumiza miguu. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwatia hofu. Tunawaambia nendeni. Kama ni Ziwa Victoria karibuni, kama ni Changuu au Mnemba, nendeni mkafurahie mlichojaaliwa.

Ila bibi harusi wa wiki moja ana shida yake ya peke yake. Bado anamwonea haya mumewe. Ameletwa kwenye boti ya fungate, hina bado mbichi mkononi, hataki aonekane mjuaji wala mwoga. Ataona jaketi hazitoshi atanyamaza, kama sisi tulivyonyamaza. Dada, haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili ikuzamishe. Sote tumefundishwa kisa cha yule aliyeuliza habari ya ngamia wake, akaambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Jaketi ndiyo kamba ya ngamia wako.

Kwa hiyo uliza mambo manne kabla ya kukaa, na uulize kwa sauti ya kawaida, huku unatabasamu ukitaka. Boti hii inaruhusiwa watu wangapi? Jaketi ziko wapi, na zinatosha pamoja na za watoto? Imesajiliwa? Bara wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini ni TASAC, na kwenu Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mwenye chombo halali hakasiriki kuulizwa. La nne: hali ya hewa leo ikoje? Ukijibiwa kwa kicheko, hilo nalo ni jibu. Shuka. Na zungumza na mumeo mapema, nyumbani, mkubaliane kuwa mmoja akisema tushuke, mnashuka wote kwanza, maswali baadaye, na pesa iliyopotea haitajwi tena.

Sasa tunamalizia gauni la yule binti wa Marekani. Naye fungate lake ni la meli, kulekule Karibiani. Kwenye abaya yake ya safari tumepandisha pindo mpaka kwenye kifundo, tumekunja mara mbili, na tumeshona mfuko wa zipu upande wa kushoto. Mama yake alipiga simu kuuliza mbona pindo fupi, mitindo ya mwaka huu ni ya mkia. Tukamwambia, "Mama harusi, mkia upo kwenye gauni la ukumbini. Hii ni ya kupandia ngazi."

Mwenyezi Mungu awajaalie safari za heri, awafikishe na kuwarudisha salama, na awarehemu wote waliotutangulia kwa njia ya maji. Amin.